Dia ya Barabarani: Uhakiki wa Kauli Zetu Juu ya Bima ya Malori

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Suala la bima si geni kwa wasomaji wetu. Limeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara huulizwa kwa namna moja: je, ni halali au ni haramu? Katika makala hii hatukusudii kulirudia swali hilo kama lilivyozoeleka. Tunakusudia kuzihakiki kauli tatu zinazosikika katika darsa na mabaraza yetu kila inapotajwa bima ya lazima ya magari ya mizigo, na kuonyesha kwamba zote tatu, pamoja na kutofautiana kwake, zina kasoro moja: zinamtazama mwenye lori, wala hazimtazami aliyegongwa na lori.

Kisa kilichotusukuma kuandika

Msafiri atokaye Nzega akifika Tinde huiona barabara imegawanyika. Mkono mmoja huenda Shinyanga mjini na Mwanza. Mwingine hupita Isaka, Kahama na Ushirombo kuelekea Lusahunga na mpaka wa Rusumo. Isaka kuna bandari kavu, na kwa njia hiyo hupita shehena za Rwanda na Burundi na nyingine za Kongo. Upande wa Geita, katika Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, Fuso hubeba mawe ya dhahabu na udongo wa marudio mchana na usiku. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, malori yatokayo Mwanza hayangoji tena feri. Barabara hizi zimeleta riziki, na wamiliki wengi wa malori hayo ni ndugu zetu wanaosali nasi safu ya kwanza.

Lakini barabara hizo pia zimeleta misiba. Mwezi Agosti 2022, katika eneo la Mwakata wilayani Kahama, watu wapatao 20 walifariki usiku mmoja katika ajali iliyohusisha Hiace, gari dogo, trekta na lori. Misiba ya namna hiyo huandikwa magazetini. Ile ya mtu mmoja mmoja haiandikwi, na kisa chetu ni cha mtu mmoja.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kahama kwenda Ushirombo, lori lilimgonga mwendesha baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa, akafariki papo hapo. Aliacha mjane na watoto wanne, mkubwa wao akiwa hajabaleghe. Mwenye lori alikuwa Muislamu, mtu mwema kwa tunavyomjua, na baadhi ya bati za msikiti wa hapo ni mchango wake. Bima ya lori ilikuwa imemaliza muda miezi miwili nyuma. Hakuihuisha, kwa sababu, alisema, mwalimu wake alimfundisha kwamba bima ni haramu na kwamba ilipwayo ni ya kuwaridhisha trafiki tu.

Wazee wakakutana, imamu akawepo, nasi tukawepo. Mwenye lori akagharimia mazishi, akaleta gunia la mchele na shilingi laki tano. Ikaandikwa karatasi kwamba familia imesamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mjane akaweka dole gumba. Ikasomwa dua, tukaitikia amina, na tukaona tumefanya suluhu. Tulipokuwa tukitoka, kijana mmoja mwanafunzi wa madrasa akatuuliza kwa adabu: "Masheikh, wale watoto wamesamehe lini?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jibu letu, tena ni jibu lililochelewa.

Kauli ya kwanza: ajali ni kadari

Kauli hii husema kwamba kilichotokea kimeandikwa, dereva hakukusudia, na anayejiwekea bima amepungukiwa na tawakkul. Sehemu ya kwanza ya kauli hii ni itikadi sahihi, kwani hakuna linalotokea nje ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Kosa limo katika kuitumia kadari kufuta deni.

Hebu tuirejee Aya ya 92 ya Suratun Nisaa. Aya hiyo haizungumzii muuaji wa makusudi, kwani huyo ametajwa katika Aya inayofuata. Inamzungumzia Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa kukosea. Pamoja na kukosea huko, Aya imewajibisha mambo mawili: kafara, ambayo ni haki ya Mwenyezi Mungu, na dia inayokabidhiwa kwa watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiitoa sadaka. Lau kutokukusudia kungefuta deni, Aya hii isingekuwa na hukumu ya kutoa.

Wanavyuoni wa zama zetu hawakuliacha jambo hili hewani. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha nane huko Brunei mwaka 1993, liliamua kwamba ajali za vyombo vya usafiri huhukumiwa kwa kanuni za jinai za Kisharia, hata kama nyingi ni za kukosea, na kwamba dereva hubeba dhamana ya anachodhuru katika mwili au mali. Haondolewi dhamana hiyo ila kwa sababu maalumu: nguvu isiyozuilika, kosa la aliyegongwa lenyewe lililoleta madhara, au kosa la mtu mwingine. "Breki zilikata" haimo katika orodha hiyo ikiwa mwenye gari alijua breki ni mbovu na akaliruhusu gari litoke.

Ama tawakkul, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Nasi tunasema: ikiwa ngamia hufungwa ili asimpotee mwenyewe, basi lori lenye tani 30 lina haki zaidi ya kufungwa lisiwapoteze wengine.

Kauli ya pili: Ibn Abidin ameikataza

Kauli hii ni ya wanafunzi waliosoma, na kwa hiyo inahitaji uhakiki wa makini zaidi. Husema kwamba bima ni kamari, ina gharar na riba, na kwamba Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Dimashki aliyefariki mwaka 1836, aliibatilisha katika kitabu chake Radd al-Muhtar.

Ni kweli kwamba Ibn Abidin ni miongoni mwa mafakihi wa mwanzo kuizungumzia bima. Lakini aliizungumzia bima ipi? Alizungumzia wafanyabiashara waliokodi merikebu za watu wa nchi za kigeni, wakalipa juu ya nauli fedha nyingine iliyoitwa sukara, ili bidhaa zikizama, kuungua au kuporwa walipwe thamani yake na wakala aliyekaa katika bandari ya Waislamu. Akasema si halali kwa mfanyabiashara kuchukua badali hiyo kutoka kwa wakala yule, kwa kuwa ni kujilazimisha lisilolazimu. Mwenye mali analipwa mali yake na mtu ambaye hakuiharibu.

Sasa tulinganishe. Katika mas'ala ya Ibn Abidin, anayelipwa ni tajiri, kinacholipwa ni bidhaa, na anayelipa hana kosa. Katika bima ya lazima ya malori, ile ambayo watu huiita bima ndogo, anayelipwa ni mjane au mlemavu, kinacholipwa ni damu au kiungo, na aliyedhuru anajulikana na deni limekwisha kumthubutikia kabla bima haijatajwa. Kuichukua fatwa ya shehena baharini na kuiteremsha juu ya damu barabarani bila kuonyesha illa inayoziunganisha ni kiasi kilichokosa nguzo yake. Bima kubwa, inayomlipa mwenye lori thamani ya lori lake, iko karibu zaidi na mas'ala ya Ibn Abidin. Bima ndogo ina mas'ala yake.

Hatusemi kwamba mkataba wa kampuni ya bima ya biashara umesalimika. Baraza tulilolitaja, katika kikao chake cha pili mjini Jeddah, Desemba 1985, liliamua kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa yenye kuharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya ushirika iliyojengwa juu ya kuchangiana. Uamuzi huo tunauheshimu. Tunachokipinga ni hatua inayofuata katika midomo ya watu: kwamba kwa kuwa mkataba una kasoro, basi mwenye lori ameondokewa na deni. Uharamu wa njia moja ya kulipa haufuti kinachodaiwa. Aliyekataa kukopa kwa riba ili amlipe mdai wake amefanya vyema; lakini mdai wake bado anadai.

Mjadala wa Dimashki, 1961

Mwezi Aprili 1961, katika wiki ya fikihi iliyofanyika Dimashki, walikutana wanavyuoni wawili juu ya jambo hili. Sheikh Mustafa al-Zarqa aliona bima inajuzu, na miongoni mwa hoja zake alitaja mfumo wa aqila, yaani jamaa wanaobeba pamoja dia ya mmoja wao aliyeua kwa kukosea. Sheikh Muhammad Abu Zahra alimpinga: aqila ni mshikamano wa udugu, hakuna anayeuziwa wala anayepata faida, na kampuni ya bima ni biashara. Basi vipi moja ipimwe kwa nyingine?

Kwa maoni yetu Abu Zahra alikuwa na nguvu zaidi katika hukumu ya mkataba. Lakini al-Zarqa alikuwa ameshika jambo ambalo wengi wetu tuliomfuata mpinzani wake tumeliangusha njiani. Swali "je, kampuni inafanana na aqila?" limejibiwa, nalo jibu ni hapana. Swali la pili halikuulizwa katika vijiji vyetu: "Ikiwa kampuni si aqila, basi aqila yetu iko wapi?" Tumeikataa kampuni kwa hoja kwamba Uislamu una mfumo bora, kisha tukamwacha mjane bila kampuni na bila mfumo bora.

Aqila ilikuwaje

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyoyaandika katika mapatano ya watu wa mji ule ni kwamba Muhajirina na kila ukoo wa Ansari watalipa dia zao kwa pamoja, na kwamba Waumini wasimwache mwenzao aliyeelemewa na deni bila kumsaidia katika fidia au dia. Baadaye, wanawake wawili wa Hudhayl walipogombana na mmoja akamrushia mwenzake jiwe akamuua pamoja na kilichokuwa tumboni, Mtume (s.a.w.) alihukumu dia ya mwanamke yule iwe juu ya aqila ya muuaji. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, yaani daftari la askari na mishahara yao, dia zikabebwa na watu wa diwani moja. Wahanafi wakaichukua hukumu hiyo: aqila ni wale wanaonusuriana, iwe kwa nasaba au kwa daftari. Sisi wa madhehebu ya Shafi, tuliosomeshwa Minhaj ya Imamu Nawawi, twajua kwamba kwetu aqila ni asaba, na wakikosekana au wakishindwa deni hurejea Baitul Mali, na isipokuwepo hubaki kwa mkosaji mwenyewe. Dia hulipwa kwa miaka mitatu. Tajiri katika aqila hutoa nusu dinari kila mwaka na wa kati hutoa robo dinari. Fakiri hatoi kitu.

Mambo mawili tunaomba msomaji ayashike. La kwanza ni kiasi. Asili ya dia ni ngamia 100, na Sayyidna Umar (r.a.) aliikadiria kwa watu wa dhahabu dinari 1,000. Kwa dinari ya gramu 4.25, hizo ni kilo nne na robo za dhahabu. Katika Geita, ambako dhahabu hupimwa kwa gramu kila siku ya Mungu, hakuna asiyeelewa uzito huo. Sisi tuliandika karatasi ya laki tano na gunia la mchele. La pili ni mpaka wake. Aqila hubeba damu na majeraha yaliyotokea kwa kukosea. Haibebi mali iliyoharibiwa, wala haibebi mauaji ya makusudi.

Sheria ya nchi inataka nini

Hapa kuna jambo ambalo hatujaliona likitajwa katika mijadala yetu. Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, iliyorithiwa kutoka zama za utawala wa Waingereza, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya dhima kwa watu wengine. Na kitu ambacho sheria hiyo imekilazimisha ni dhima ya kifo au jeraha la mwili. Haikumlazimisha mwenye lori kulikatia bima lori lake wala mzigo wake. Kwa maneno mengine, mpaka wa lazima ya sheria hii umekaribiana sana na mpaka wa aqila: damu na mwili, si mali. Waliotunga sheria hawakuutoa mpaka huo katika vitabu vya fikihi. Lakini haki ya mtu asiye na kosa inapotazamwa kwa insafu, watu hufika mahali palipo karibu.

Sheria hiyo pia imempa aliyedhuriwa nguvu juu ya kampuni: mahakama ikisha mhukumu mwenye gari aliyekatiwa bima, kampuni ndiyo inayowajibika kuitekeleza hukumu hiyo, kwa masharti yaliyowekwa. Usimamizi wa kampuni zote uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Stika leo ni ya kielektroniki, na mtu yeyote aweza kuihakiki katika mfumo wa TIRA kwa namba ya gari. Malori yanayovuka Rusumo hutumia pia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kushiriki ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo humfikia aliyegongwa upande wa pili wa mpaka.

Inafaa tutazame pia nchi nyingine ambako Waislamu wa Afrika Mashariki, hasa ndugu zetu Wasomali, wameingia kwa wingi katika kazi ya malori. Huko Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1980, lori kubwa la kukodiwa linalovusha mizigo ya kawaida kutoka jimbo moja hadi jingine halina budi kuwa na dhamana isiyopungua dola 750,000 kwa ajili ya umma, na ya vitu vya hatari hufika hata dola milioni 5. Mwenye lori haaminiwi kwa neno lake. Kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayopeleka uthibitisho kwa serikali, nayo haiwezi kujitoa bila kuitaarifu serikali siku 30 kabla. Tena kuna sharti linaloambatanishwa na mkataba: kampuni imlipe kwanza aliyedhuriwa hata kama mwenye lori amevunja masharti ya bima yake, kisha imgeukie mwenye lori na kumdai. Hekima yake ni kwamba aliyegongwa asiadhibiwe kwa kosa la mkataba ambao hakuwa na mkono ndani yake. Mwanafunzi wa fikihi hapati tabu kuielewa hekima hiyo. Nyumba ya marehemu wa Hudhayl haikuulizwa kama aqila ya muuaji inaelewana na muuaji.

Hata hivyo sheria yetu ina watu ambao lazima yake haikuwakusudia. Mtu aliyepanda juu ya shehena kwenda mnadani au machimboni yuko katika hali ngumu, kwa sababu abiria hawamo katika lazima hiyo ila gari likiwa la kuchukua abiria kwa nauli, au wakiwa wamebebwa kwa mkataba wa kazi. Dereva na utingo wanaoumia kazini wana mlango wao, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ikiwa mwajiri amewasajili na kuwachangia. Mwenye lori anayempandisha mama na kuku wake juu ya magunia kwa nauli ndogo ajue kwamba amejipandishia deni ambalo huenda hakuna atakayemsaidia kulilipa.

Kauli ya tatu: ni dharura, kata ya bei ndogo uridhishe trafiki

Kauli hii ndiyo iliyoenea zaidi, na wengi wetu tumeifundisha. Msingi wake ni sahihi: anayelazimishwa na sheria kuingia katika mkataba wenye kasoro hana dhambi, na huishia katika kiasi cha lazima. Lakini imefundishwa nusu. Dharura imeelezwa upande wa mwenye kulipa tu, na hivyo bima ikageuka kodi machoni mwa watu. Kodi mtu huikwepa akipata nafasi. Ndiyo maana huyu haihuishi ikiisha muda, yule hutafuta stika ya kughushi, na wa tatu hulitaja lori la kukodisha kuwa ni la kubebea mizigo yake mwenyewe ili alipe kidogo. Huyu wa tatu amesema uongo katika mkataba, na siku ya msiba kampuni hupata njia ya kujitetea.

Tulipaswa kuifundisha hivi. Mwenye lori amekwisha ingia katika hatari ya kudaiwa damu tangu siku alipolitoa lori lake barabarani, kwa kuwa kanuni ya wanavyuoni ni kwamba anayechuma faida ya kitu hubeba dhamana yake. Kwa hiyo kuwa na njia hai na ya kweli ya kulipa deni hilo ni wajibu wake mbele ya Mwenyezi Mungu kabla ya kuwa wajibu wake mbele ya trafiki. Kama njia pekee iliyopo ni kampuni ya biashara, anaichukua kwa dharura na kwa ukweli wote, bila kughushi wala kudanganya. Ikipatikana takaful, dharura imepungua, kwa kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kenya kampuni ya takaful imefanya kazi tangu mwaka 2011, na mwaka 2014 iliwalipa wafugaji wa Wajir waliopatwa na ukame. Kwetu, TIRA imekwisha weka mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar limeanzisha huduma hiyo. Mwenye malori wa Kahama anayesema "hakuna njia nyingine" na aulize kwanza kabla ya kusema.

Na hata akiwa na bima iliyo hai, asidhani kwamba yote yamekwisha. Kinacholipwa na bima hupunguza deni la dia. Hakifuti kilichobaki kama warithi hawakuridhia. Ama kafara, hiyo hailipwi na kampuni yoyote. Leo ambapo hakuna mtumwa wa kuachwa huru, dereva aliyeua kwa kukosea hufunga miezi miwili mfululizo. Tujiulize: ni madereva wangapi tumewaambia hivyo?

Jibu la swali la kijana

Tunarudi kwenye karatasi ile. Msamaha wa dia ni jambo tukufu, na Aya yenyewe imeuita sadaka. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali aliyebaleghe, mwenye akili, anayejua anachokitoa. Mjane anaweza kusamehe fungu lake, akijua ni kiasi gani. Hawezi kusamehe mafungu ya watoto wake wadogo, wala hawezi mjomba, wala imamu, wala mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa walii wa yatima huilinda mali yake na hana mamlaka ya kuitoa bure. Watoto wale hawakusamehe. Karatasi tuliyoishuhudia ilikuwa ni sisi watu wazima tuliosamehe kwa mali isiyo yetu, tena kwa mtu aliyetuezekea msikiti.

Tulirudi kwa mwenye lori baada ya miezi kadhaa, imamu na sisi, tukamweleza haya kama tulivyoyaeleza hapa. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mbona siku ile mlisema amina?" Hatukumlaumu kwa neno hilo. Amekubali kuwalipia watoto kwa awamu za miaka mitatu, na ametafuta wenzake wanne wenye malori ili wachangie. Hajaweza kufika kiasi cha dia, na huenda asifike. Lakini deni sasa linaitwa deni.

Kutokana na haya tunawanasihi maimamu na wanafunzi wa elimu mambo yafuatayo.

Kwanza, unapoulizwa juu ya bima ya lori, usianze na kampuni. Anza na aliyegongwa. Eleza dia, eleza kafara, kisha ndipo ueleze njia za kulipa na hukumu zake.

Pili, usishuhudie karatasi ya msamaha palipo na yatima kabla ya kutenganisha fungu la wakubwa na la wadogo, na kabla ya kuhakiki katika mfumo wa TIRA kama lori lilikuwa na bima. Waambie jamaa za marehemu kwamba sheria inawaruhusu waliomtegemea kudai, na kwamba madai ya namna hii yana muda: kwa kawaida miaka mitatu. Msiba uliofichwa kwa jina la subira humaliza muda huo upesi.

Tatu, wamiliki Waislamu wa malori katika Shinyanga, Kahama na Geita waundiwe mfuko wa kusaidiana dia, juu ya bima ya lazima na si badala yake. Wahanafi wametuonyesha kwamba daftari laweza kuwa aqila. Tajiri wa zamani alitoa nusu dinari kwa mwaka, ambayo ni kama gramu mbili za dhahabu. Mwenye Fuso anayebeba mawe ya Rwamgasa hashindwi na hilo.

Tukifanya hivyo tutakuwa na haki ya kuendelea kuihakiki bima ya biashara. Tusipofanya, basi kila tunapoiharamisha mbele ya watu, na tukumbuke kwamba miongoni mwa wanaotusikiliza yumo mtoto wa yule mwendesha baiskeli, naye anangoja kusikia halali ni ipi.

Wallahu a'lam, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuwafikishwa.